Rehani ya Taifa: Mikopo ya Liberia na Wajibu wa Mchungaji

1. Utangulizi

Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii twaitumia mara nyingi tunapomwonya kijana aliyekopa ili afanye karamu iliyo kubwa kuliko uwezo wake. Ni mara chache twaitumia kwa habari ya taifa zima. Hata hivyo mataifa nayo hukopa, na katika mikopo ya mataifa liko jambo moja ambalo methali yenyewe hailitaji: wanaokaa matangani mara nyingi si wale waliokula harusini.

Makala haya yanakusudia kueleza habari ya nchi moja ndogo ya Afrika, yaani Liberia, ambayo kwa muda mrefu ilitafuta mikopo ng'ambo, na hasa kwa Marekani, rafiki yake mkuu. Tumeichagua Liberia kwa sababu tatu. Kwanza, nchi hiyo haikutawaliwa rasmi na dola yoyote ya Ulaya. Kwa hiyo yaonyesha waziwazi jinsi deni linavyoweza kufanya kazi ya ukoloni pasipo bendera ya mkoloni. Pili, habari ya mikataba yake inajulikana, hata twaweza kuufuata mkopo tangu ulipoombwa hadi ulipolipwa. Tatu, Walutheri wamekuwako huko tangu mwaka 1860, misheni ya Muhlenberg ilipoanzishwa kando ya mto St. Paul. Watu wa bara waliobeba mzigo wa deni hilo ndio hao hao waliokuwa wakisikia Injili katika misheni zetu.

Neno tunalotaka kulionyesha ni hili: katika mkopo wa taifa dhaifu, la kuogopwa zaidi si wingi wa fedha, bali ni kitu gani kimewekwa rehani, na ni nani atakayetoa kitu hicho siku ya kudaiwa. Tutaeleza kwanza historia yenyewe, kisha tutaipima kwa Maandiko na kwa mafundisho ya Luther, na mwisho tutauliza jambo hilo latuhusu nini sisi tulio wachungaji na wanafunzi wa theolojia.

2. Mikopo ya London

Liberia ilitangaza uhuru wake tarehe 26 Julai 1847. Waanzilishi wake walikuwa watu weusi kutoka Marekani, wengine waliozaliwa huru na wengine waliokombolewa katika utumwa, waliopelekwa pwani ya Afrika Magharibi na chama kiitwacho American Colonization Society. Marekani, ambayo kwa namna fulani ilikuwa mama wa taifa hilo, haikulitambua mpaka mwaka 1862. Walowezi hao walikuwa wachache na waliishi hasa katika miji ya pwani. Nje ya miji hiyo walikaa wenyeji wa makabila mengi, kama Wakpelle, Waloma, Wavai, Wagrebo na Wakru, ambao kwa muda mrefu hawakuwa na kura wala sauti katika serikali ya Monrovia. Yatupasa kulishika jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1871 Rais Edward James Roye alipata mkopo huko London wa paundi 100,000 kwa riba ya asilimia 7. Kusudi lake halikuwa baya, kwa maana alitaka kuiendeleza nchi. Lakini hati za mkopo huo ziliuzwa kwa punguzo la asilimia 30. Maana yake ni kwamba kwa kila paundi 100 zilizoandikwa kuwa deni, zilitolewa paundi 70 tu. Tena katika hizo 70, riba ya miaka ya mwanzo ilikatwa kabla fedha haijavuka bahari. Kilichoifikia hazina ya Monrovia kilikuwa sehemu ndogo, bali deni lilibaki paundi 100,000 kamili. Mwaka huo huo Roye aliondolewa madarakani, akafa muda mfupi baadaye. Hivyo fedha iliisha, na aliyeikopa alikufa, lakini deni liliendelea kuishi. Baada ya miaka michache malipo yalikoma, na riba ikazidi kujirundika mpaka mwisho wa karne.

Mwaka 1906 ulipatikana mkopo wa pili wa London, nao wa paundi 100,000, kwa riba ya asilimia 6. Sehemu ya fedha hiyo ilipitia katika kampuni iliyoongozwa na Sir Harry Johnston. Safari hii wakopeshaji hawakuridhika na ahadi tupu. Walitaka maofisa wa Kiingereza wawekwe katika forodha za Liberia. Msomaji asilione sharti hilo kuwa dogo. Nchi ile haikuwa na viwanda, na mapato ya serikali yalitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa bidhaa zilizoingia na kutoka bandarini. Aliyeshika forodha alikuwa ameshika ufunguo wa hazina.

3. Kumwendea rafiki

Wakati huo huo mipaka ya Liberia ilikuwa ikimegwa. Uingereza ilichukua eneo la magharibi mwaka 1885, na kwa mkataba wa 1892 Ufaransa ilijipatia pwani iliyo mashariki ya mto Cavalla. Viongozi wa Monrovia waliona kwamba deni laweza kuwa kisingizio cha kulimeza taifa lote. Kwa sababu hiyo mwaka 1908 walituma wajumbe Marekani kuomba msaada. Hawakuenda kuomba fedha tu, walitafuta ngao. Walitaka rafiki mwenye nguvu asimame kati yao na wadai wa Ulaya.

Marekani ilituma tume ya uchunguzi mwaka 1909, na matokeo yake yakawa mkopo wa mwaka 1912 wa dola 1,700,000 kwa riba ya asilimia 5. Fedha haikutoka katika hazina ya Marekani, bali kwa mabenki ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Rehani yake ilikuwa ushuru wa forodha, kodi ya mpira, na ada zilizotozwa kwa ajili ya vibarua waliosafirishwa ng'ambo. Mpokeaji Mkuu wa mapato hayo alikuwa Mmarekani, naye alikuwa na wasaidizi watatu: Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani. Liberia ilikuwa imekimbia mdai mmoja. Sasa wanne waliketi mezani pake.

Pamoja na fedha walikuja maofisa wa Marekani kulifundisha jeshi la mipakani, na jeshi hilo ndilo lililotumika kukusanya kodi ya vibanda kwa wenyeji wa bara. Wakru walipoasi mwaka 1915, manowari ya Marekani iitwayo Chester ilifika pwani yao, na uasi huo ukazimwa. Hivyo wenyeji walikutana na yule rafiki wa taifa lao kwa mara ya kwanza kwa njia ya bunduki na kodi.

Kisha vita vya kwanza vya dunia vilikausha biashara. Ujerumani ndiyo iliyokuwa mnunuzi na msafirishaji mkubwa wa mazao ya Liberia, na biashara hiyo ilipokatika mapato ya forodha yalianguka. Liberia ilifuata msimamo wa Marekani na kutangaza vita juu ya Ujerumani mwaka 1917. Tarehe 10 Aprili 1918 nyambizi ya Kijerumani iliupiga mizinga mji wa Monrovia. Mwaka huo Marekani iliahidi mkopo wa dola milioni 5. Lakini vita vilikwisha kabla fedha haijatolewa, isipokuwa kiasi kidogo sana. Rais Charles D. B. King alikwenda mwenyewe Washington mwaka 1921, akakaa huko miezi mingi akiomba ahadi itimizwe. Baraza la Wawakilishi lilikubali mwaka 1922. Seneti, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, haikukubali. Rais alirudi nyumbani mikono mitupu, na madeni ya taifa lake yalikuwa yakimngoja.

Waswahili husema pia, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Twaona hapa kwamba urafiki wa mataifa una kipimo chake. Liberia ilimhesabu Marekani kuwa ndugu. Bunge la Marekani liliihesabu Liberia kuwa jambo moja miongoni mwa mengi. Wala hatusemi hivyo ili kuihukumu nchi moja peke yake. Kila serikali huwajibika kwanza kwa watu wake. Aliye dhaifu asipolikumbuka hilo, hujenga nyumba yake juu ya hisani ya mwingine.

4. Mkataba wa mpira

Mwezi ule ule wa Novemba 1922 Uingereza ilianza kuzuia uuzaji wa mpira kutoka makoloni yake ya Asia ili bei ipande. Harvey Firestone, mtengenezaji wa magurudumu kutoka Akron katika jimbo la Ohio, alianza kutafuta nchi ambamo angelima mpira wake mwenyewe. Aliiona Liberia. Baada ya mashauriano marefu, mikataba ilikamilika mwaka 1926. Firestone alipewa haki ya kukodi ardhi ya kufikia ekari milioni moja kwa miaka 99, kwa senti 6 za Marekani kwa ekari moja kwa mwaka.

Juu ya hayo yaliwekwa masharti ya mkopo. Serikali ya Monrovia haikutaka kudaiwa na mtu yule yule aliyekodi ardhi yake, na kwa hakika hofu hiyo ilikuwa ya busara. Firestone naye hakutaka kupanda mpira pasipo mkopo. Mwishowe ilionekana kampuni nyingine, Finance Corporation of America, iliyokuwa tayari kukopesha dola milioni 5 kwa riba ya asilimia 7, kwa muda wa miaka 40. Kampuni hiyo ilikuwa imeundwa na Firestone mwenyewe. Zilitolewa hati za dola milioni 2.5 tu, tena kwa asilimia 90 ya thamani yake, hata Liberia ikapokea dola milioni 2.25. Sehemu kubwa ilikwenda kulipa deni la 1912 na madeni mengine. Hivyo deni jipya lilizaliwa ili kulizika la zamani, nalo lilikuwa zito kuliko lile lililozikwa.

Masharti ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mshauri wa Fedha, ambaye uteuzi wake ulimhusu Rais wa Marekani, pamoja na wasaidizi wake, walilipwa mishahara na hazina ya Liberia. Bajeti ya taifa haikuweza kupangwa bila wao. Kwa miaka 20 Liberia haikuruhusiwa kukopa kwingine pasipo idhini ya mkopeshaji. Bei ya mpira, ambayo mwaka 1925 ilipita dola moja kwa ratili, ilishuka hata kufikia senti 3 hivi mwaka 1932. Mwaka 1928 malipo ya mkopo pamoja na mishahara ya washauri yalichukua karibu sehemu moja ya tano ya mapato ya serikali. Mwaka 1931 yalichukua zaidi ya nusu. Mishahara ya walimu na makarani wa Liberia ilingoja. Ya washauri haikungoja.

5. Watu kuwa rehani

Lingekuwa kosa kuisimulia habari hii kana kwamba wakosaji wote walitoka ng'ambo. Katika uchaguzi wa mwaka 1927 Rais King alitangazwa kupata kura zaidi ya 240,000, hali watu wenye haki ya kupiga kura nchini walikuwa kama 15,000 tu. Serikali ya namna hiyo ndiyo iliyotia sahihi kwa niaba ya taifa. Thomas Faulkner, aliyeshindwa katika uchaguzi huo, aliutangazia ulimwengu kwamba wakuu wa serikali walikuwa wakikamata vijana na kuwapeleka kwa nguvu katika mashamba ya kakao ya kisiwa cha Fernando Po.

Shirikisho la Mataifa liliunda tume, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1930. Tume ilikuta kwamba vibarua walipelekwa Fernando Po kwa njia ambazo ni shida kuzitenga na biashara ya utumwa, na kwamba maofisa wakubwa walikuwamo katika jambo hilo. Tena ilikuta kwamba desturi ya kuweka watu rehani ilikuwa ikiendelea: mtu mwenye deni humtoa mtoto au jamaa yake akamtumikie mdai mpaka deni lilipwe. Miongoni mwa wenyeji waliotozwa faini na maofisa, walikuwako walioshindwa kulipa ila kwa kuwatoa watu wao. Mwezi wa Desemba 1930 King na makamu wake, Allen Yancy, walijiuzulu.

Ndugu wasomaji, na tuziweke habari hizi mbili pamoja. Juu, serikali iliweka forodha rehani kwa mdai wa ng'ambo. Chini, mzazi kijijini alimweka mtoto wake rehani ili alipe kodi au faini. Uonevu huu wa pili haukuzaliwa na mikopo. Desturi ya rehani ya watu ilikuwako kabla yake, na tamaa ya maofisa ilikuwa yao wenyewe. Lakini serikali iliyofunguliwa kwa mdai wake na kufungwa kwa watu wake ilijua njia moja tu ya kutafuta fedha, nayo ilikuwa kushuka chini, kwa yule asiye na mtu wa kumwekea rehani ila mwanawe.

6. Mwisho wa deni, na deni jingine

Mwezi wa Desemba 1932, chini ya Rais Edwin Barclay, Liberia ilisimamisha malipo. Firestone aliiomba serikali ya Marekani iingilie kwa nguvu, lakini manowari hazikutumwa. Baada ya mabishano, makubaliano mapya yalifanyika mwaka 1935: riba ilishushwa hadi asilimia 5, na gharama za washauri zikapunguzwa. Deni lenyewe lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika utawala wa Rais William Tubman.

Lakini somo halikushikwa. Katika miaka ya 1980 serikali ya kijeshi ya Samuel Doe ilipokea misaada na mikopo mingi ya Marekani wakati wa uhasama wa Mashariki na Magharibi. Uhasama huo ulipokwisha, urafiki nao ulipoa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza Desemba 1989, viliendelea kwa vipindi mpaka 2003. Watu walipotoka vitani walikuta deni la nje la dola bilioni 4.9 hivi. Mwaka 2010, katika utawala wa Rais Ellen Johnson Sirleaf, sehemu kubwa ya deni hilo ilifutwa chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, mpango ule ule ulioipatia Tanzania nafuu mwaka 2001. Msamaha huo wathibitisha jambo ambalo wataalamu wa fedha walilikataa kwa muda mrefu, kwamba deni la taifa laweza kusamehewa pasipo dunia kuanguka.

7. Mdai abaki nje

Maandiko hayamkatazi mtu kukopa, wala hayamsifu mdeni asiyelipa. Bali yanaiwekea rehani mipaka. Kumbukumbu la Torati 24:6 yakataza kushika jiwe la kusagia, kwa maana kufanya hivyo ni kuushika uhai wa mtu. Sura hiyo hiyo, mstari wa 10 hadi wa 13, yamwamuru mdai asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Yampasa asimame nje, mdeni mwenyewe amletee. Tena vazi la maskini lirudishwe jua lichwapo.

Hekima ya sheria hii ni kubwa. Mdeni ana wajibu wa kulipa, lakini nyumba yabaki kuwa yake. Haki ya mdai yafika mlangoni na kukoma. Tukiipima mikataba ya Liberia kwa kipimo hiki, twaona kwamba kosa lake halikuwa riba peke yake. Forodha ndiyo iliyokuwa jiwe la kusagia la taifa, nayo ilishikwa. Na mdai hakubaki nje. Aliingia, akaketi, akalipwa mshahara kwa kuketi kwake.

Nehemia 5 yatuonyesha upande wa pili. Watu wa Yerusalemu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na wana wao na binti zao wanatiwa utumwani. Nehemia hakuanza kwa kuulaumu Uajemi. Aliwakemea wakuu wa watu wake mwenyewe, naye akaacha kula posho ya liwali. Kiongozi asiyepunguza chakula chake mwenyewe hana kinywa cha kumkemea mdai wa ng'ambo.

Luther naye aliliandikia jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara na riba, alionya sana juu ya kudhamini, akieleza kwamba mtu anayeweka dhamana huahidi kesho ambayo si mali yake, bali ni ya Mungu. Akiwa mzee, mwaka 1540, aliwaandikia wachungaji hasa, akiwataka wahubiri dhidi ya riba ya kunyonya, na wasimpe Sakramenti mla riba asiyetubu. Mkopo wa miaka 40 hudhamini watu ambao bado hawajazaliwa. Kama Luther aliogopa mtu mmoja kudhamini kesho ya jirani yake, angesemaje juu ya waziri anayetia sahihi ya kesho ya watoto wa taifa zima?

8. Hitimisho

Huenda msomaji atauliza: mchungaji wa usharika wa kijijini ana nini na mikataba ya hazina? Twajibu kwamba anayo maswali matatu, nayo hayahitaji elimu ya uchumi. Ni nani aliyeomba mkopo huu, na je, watakaoulipa waliulizwa? Ni kitu gani kilichowekwa rehani, nacho ni vazi au ni jiwe la kusagia? Na mdai amebaki nje, au ameingia nyumbani? Taifa lisiloweza kupata majibu ya maswali haya, kwa sababu mkataba ni siri, limekwisha kuwekwa rehani kabla ya senti ya kwanza kufika.

Maswali hayo yaturudie na sisi wenyewe. Chama cha akiba na mikopo cha usharika kinachochukua cherehani ya mjane kwa sababu amechelewa kulipa, kimeshika jiwe la kusagia. Dayosisi inayokubali fedha ya rafiki wa ng'ambo pasipo kuwaeleza washarika masharti yake, imefanya kwa kipimo chake yale yaliyofanywa Monrovia. Hatuwezi kuhubiri juu ya mizani ya wafalme huku mizani yetu ikiwa ya udanganyifu.

Kila Jumapili tunaomba Sala ya Bwana, na katika Mathayo 6:12 Biblia yetu ya Kiswahili hutumia neno deni. Yeye aliyetusamehe hakuingia nyumbani mwetu ili kuchukua rehani. Aliingia ili kuilipa. Yafaa basi watu wake wamtambue mdeni kuwa ni mtu, na nyumba yake kuwa ni nyumba.